Nani mwenye jina la kanisa la Kibaptisti?

Tangu jopo la kuchunguza usimamizi wa mashirika ya kidini, lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, lilipomkabidhi Rais William Ruto ripoti yake Julai 2024, na rasimu ya mswada wa mashirika ya kidini ilipoanza kuzunguka, mjadala wa makanisa jijini Nairobi umeshika njia inayonitia wasiwasi. Jina la kanisa limepewa kazi ya ulinzi. Sikiliza redio asubuhi au mazungumzo ya kwenye matatu Jumapili jioni, utasikia hoja hii: kanisa lenye jina la dhehebu linalofahamika lina wenyewe na linaweza kuulizwa maswali, ilhali lenye jina la kubuni halina baba wala mama. Kwa hesabu hiyo, kanisa la Kibaptisti linaloondoa neno Baptist kwenye bango lake lina jambo linaloficha. Upande wa pili wako wachungaji, hasa wa makanisa yanayowatafuta vijana, ambao kwao jina ni nembo tu: tafuta mchoraji, chagua rangi mbili, na Jumapili ijayo tumezaliwa upya.

Pande hizi mbili zinarushiana maneno lakini zimesimama juu ya kosa lilelile. Kila upande unalichukulia jina kuwa mali ya mtu aliye juu ya washirika: serikali au chama mwavuli (chama kinachokusanya makanisa mengi chini yake) kwa upande mmoja, mchungaji na washauri wake kwa upande mwingine. Kwa Wabaptisti hakuna aliye juu ya washirika. Ndiyo maana kuuliza kama neno Baptist limebaki au limeondoka ni kuuliza swali la pembeni. La msingi ni mawili: nani aliamua, na je, mtu anaweza kulifuatilia jina jipya mpaka akalikuta la zamani? Inashangaza kidogo kwamba jambo hili limesahaulika katika mjadala uliozaliwa na ripoti ya Musyimi, mtu aliyekuwa mchungaji wa Nairobi Baptist kabla hajawa katibu mkuu wa NCCK, baraza la kitaifa la makanisa ya Kenya.

Tofauti inaonekana vizuri ukiwatazama Waanglikana. Walipopata jimbo lao nchini mwaka 1970, waliitwa Church of the Province of Kenya, na kwa karibu miaka thelathini herufi CPK zilikuwa kwenye mabango, vyeti vya ubatizo na sare za kwaya. Mwaka 1998 jina likawa Anglican Church of Kenya. Uamuzi ulifanyika juu, ukashuka kwenye dayosisi, ukafika parokiani, na mafundi wa mabango wakapata kazi. Parokia haikuwa na hiari ya kubaki CPK. Sisemi hilo ni baya. Kanisa lenye maaskofu ndivyo linavyokwenda. Lakini Wakenya wengi hudhani makanisa yote huenda hivyo, kwamba mahali fulani kuna makao makuu ya Wabaptisti yenye jina moja na kazi ya kuligawa.

Hayapo. Kanisa la mahali la Kibaptisti linajitosheleza: linamwita mchungaji wake, linaandika katiba yake, linachagua mashemasi wake na linajipa jina. Likijiunga na Baptist Convention of Kenya, linajiunga kwa hiari na linaweza kutoka. Na si kila kanisa lenye neno Baptist liko ndani ya chama hicho. Nchini kuna Wabaptisti wa kujitegemea wasiotaka chama chochote, na hawaoni kwamba Ubaptisti wao umepungua. Chama kinaweza kumkataa mwanachama, lakini hakiwezi kumpa jina wala kumnyang'anya. Februari 2023 Southern Baptist Convention ya Marekani ililiondoa kanisa la Saddleback la California kwa sababu ya kuwa na mwanamke mchungaji. Saddleback lilibaki na jina lake, majengo yake na watu wake. Tena tangu lilipoanzishwa mwaka 1980 halikuwa na neno Baptist katika jina, na kwa miongo minne hilo halikulizuia kuwa miongoni mwa makanisa makubwa ya chama hicho.

Chama hichohicho kinaonyesha jinsi jina linavyokuwa gumu kubadilisha pale ambapo hakuna wa kutoa amri. Kiliundwa mwaka 1845 huko Augusta, Georgia, Wabaptisti wa kusini walipojitenga na wenzao wa kaskazini. Kiini cha ugomvi kilikuwa utumwa: je, mwenye watumwa aweza kutumwa kuwa mmishonari? Mwaka 1995 mkutano wao ulipitisha azimio la kuomba radhi, lakini neno Southern likabaki. Wamekuwa wakilijadili kwa muda mrefu. Mwaka 2012, baada ya kikosi kazi kulichunguza suala lenyewe, wajumbe waliidhinisha kwamba anayependa atumie jina Great Commission Baptists, na jina la kisheria libaki lilivyo. Hata ruhusa hiyo isiyomlazimisha mtu ilipita kwa takriban asilimia 53 tu ya kura. Wapo wanaoona hapo udhaifu wa mfumo. Mimi naona mfumo ulifanya kazi yake: watu waligawanyika, kura zikaonyesha mgawanyiko huo, na hakuna aliyeamka asubuhi akakuta kanisa lake limebatizwa jina geni.

Wamishonari wa chama hicho walifika Kenya mwaka 1956, na makanisa yaliyoanza hapa hayakurithi neno Southern. Nairobi ilikuwa na desturi nyingine. Nairobi Baptist ilianza mwaka 1958, kisha yapo Parklands Baptist, Ridgeways Baptist, Shauri Moyo Baptist. Utaratibu wake ni rahisi: mtaa kwanza, imani baadaye. Jina la namna hiyo halijigambi. Linakuambia kanisa liko wapi na linabatiza nani, basi. Lina faida nyingine isiyosemwa sana, nayo ni kwamba linalifunga kanisa kwa majirani. Kanisa linalojiita la Shauri Moyo limekiri kwamba shida za Shauri Moyo ni zake, iwe washirika bado wanaishi huko au wamehamia Kayole na kurudi Jumapili kwa basi.

Ila mitaa hubadilika, na makanisa huhama. Hapo ndipo majina ya mahali huanza kulegea, na hapo ndipo historia ya Wabaptisti weusi wa Marekani inatufaa kuliko mahubiri yoyote kuhusu uaminifu kwa jina. Kanisa la 16th Street Baptist la Birmingham, Alabama, lililolipuliwa kwa bomu Septemba 1963 na kuua wasichana wanne, lilianza mwaka 1873 kwa jina la First Colored Baptist Church. Lile la Montgomery ambalo Martin Luther King alilichunga kuanzia 1954 hadi 1960 lilianza mwaka 1877 likiwa Second Colored Baptist Church, likaja kuitwa Dexter Avenue kwa jina la barabara, na mwaka 1978 likaongeza jina la King mwenyewe. Hapo kuna jina lililotokana na rangi ya ngozi kama ilivyotajwa na watawala wa siku hizo, jina lililotokana na barabara, na jina lililotokana na mtu aliyeuawa. Kanisa ni lilelile, na kila jina linaweza kusomwa nyuma ya lingine. Nani angethubutu kusema kwamba walipoliacha jina la kwanza waliiacha imani?

Nairobi nayo ina kisa chake, na kwa maoni yangu ndicho kinachofundisha zaidi. Nairobi Chapel ilianzishwa na walowezi Waingereza mwaka 1952, watu wa mapokeo ya Brethren, kundi la Waprotestanti lisilo na makasisi waliowekwa wakfu. Kufikia mwisho wa miaka ya themanini ilikuwa imebaki na watu wachache sana, na Nairobi Baptist ikaombwa kusaidia. Ilipeleka watu, akiwamo Oscar Muriu, ambaye kanisa hilo lilikua sana mikononi mwake. Angalia kilichotokea kwa upande wa jina: hakuna. Kanisa kubwa lilimsaidia jirani aliyekuwa karibu kufunga milango, wala halikubandika neno Baptist juu ya mlango wake. Kisha mwaka 2005 Nairobi Chapel ikajigawa kwa makusudi kuwa makanisa kadhaa. Waliobaki kwenye uwanja wa zamani, karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, walichukua jina la Mamlaka Hill Chapel. Waliohamia Ngong Road na Muriu walibaki na jina la Nairobi Chapel. Kundi jingine likajiita Mavuno, jina la Kiswahili katika orodha iliyojaa Kiingereza. Jengo lilikwenda njia moja, jina njia nyingine. Wanaoamini kwamba jina la kanisa limechimbiwa ardhini pamoja na msingi wa jengo wana kazi ya kueleza hapo.

Wapentekoste walifanya jambo lao kwa mtindo tofauti. Nairobi Pentecostal Church ya Valley Road ilipoenea nje ya jiji, ilipata tatizo ambalo kanisa lolote lenye jina la mji litalipata: ibada ya Kisumu inaitwaje ya Nairobi? Ikawa Christ Is The Answer Ministries, CITAM, ikiacha mji na dhehebu kwa mpigo mmoja. Huo ni mfumo wenye uongozi wa pamoja, kwa hiyo matawi yote yalihama na jina. Mbaptisti anayeuiga mfano huo anapaswa kujua kwamba anaiga matokeo bila kuwa na chombo kilichoyaleta.

Sasa hoja zenyewe. Wanaotaka neno Baptist liondoke wana mambo matatu ya kusema, na si ya kupuuzwa. La kwanza ni kwamba kwa kijana wa leo wa Nairobi jina la dhehebu halisemi kitu. Anachagua kanisa kwa mahubiri, muziki, na kama kuna mahali pa kuegesha gari. La pili ni kwamba jina linakuja na mizigo ya watu wengine. Kila mara Wabaptisti wa Marekani wanapogombana kuhusu siasa zao, Mbaptisti wa mtaa wa Umoja anaulizwa yeye yuko upande gani. La tatu ni ukuaji, kama nilivyokwisha kuonyesha. Mtu anaweza kuongeza kwamba hata taasisi zisizo makanisa zimepita njia hiyo: kituo cha mikutano cha Brackenhurst huko Tigoni, Limuru, kilichoanzishwa na misheni ya Kibaptisti, kilikuwa na neno hilo katika jina lake, na leo wanaokwenda huko kwa harusi na warsha wanasema Brackenhurst tu.

Wanaopinga nao wana lao, na lenye nguvu ni hili: mgeni ana haki ya kujua anaingia wapi. Wabaptisti wana msimamo wa wazi, kwamba hawabatizi watoto wachanga na kwamba ubatizo ni wa kuzamishwa majini. Mama aliyelelewa PCEA, kanisa la Kipresbiteri linalobatiza watoto wachanga, anayetaka mtoto wake abatizwe hapaswi kuligundua hilo baada ya mwaka mzima wa kutoa fungu la kumi. Hoja hii siikatai. Kanisa linaloficha fundisho lake nyuma ya jina tamu linamdanganya mgeni, hata kama hakuna uongo uliosemwa. Lakini tiba yake ni kulisema fundisho mlangoni, kwenye darasa la washirika wapya na kwenye katiba. Neno moja kwenye bango haliwezi kufanya kazi hiyo. Mbona kuna African Independent Pentecostal Church of Africa, kanisa lililotokana na harakati za shule huru za Wagikuyu na kubanwa na wakoloni wakati wa hali ya hatari, ambalo lina neno Pentecostal katika jina ilhali ibada yake si ya Kipentekoste kama tuijuavyo mjini? Mgeni anayeamini bango peke yake atapotea hapo pia.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika sana, yaani kwamba anayeacha jina ameiacha imani. Wabaptisti wa mwanzo hawakulichagua jina hilo. Walianza Amsterdam mwaka 1609 na John Smyth na Thomas Helwys, na jina walipachikwa na wapinzani wao. Makanisa saba ya London yalipotoa ungamo lao la imani mwaka 1644, yalijitambulisha kuwa makanisa yanayoitwa kwa kawaida, lakini kimakosa, Waanabaptisti, yaani wabatizaji wa mara ya pili. Karne mbili baadaye Charles Spurgeon, mhubiri wa Kibaptisti aliyejulikana sana enzi zake, aliliongoza kanisa la New Park Street Chapel, ambalo mwaka 1861 lilihamia jengo jipya na kuitwa Metropolitan Tabernacle. Tafuta neno Baptist katika majina hayo mawili.

Hoja ya usalama nayo haisimami muda mrefu. Kanisa la Paul Mackenzie, Good News International, lilikuwa limesajiliwa. Lilikuwa na jina lisilotisha, na Msajili wa Vyama alikuwa nalo kwenye vitabu vyake. Usajili wake ulifutwa Mei 2023, wakati makaburi ya wafuasi wake katika msitu wa Shakahola, Kilifi, yalikuwa tayari yanafukuliwa. Miili zaidi ya 400 ilitolewa humo. Kilichokosekana pale hakikuwa jina la dhehebu. Kilichokosekana ni washirika wenye uwezo wa kumwambia kiongozi hapana, na maofisa wa kufuatilia malalamiko yaliyokwisha kutolewa. Ukilazimisha kila kanisa lijifunike jina la chama mwavuli, mtu wa aina hiyo atajifunika kama wengine. Nakumbuka pia kwamba serikali ilisimamisha usajili wa makanisa mapya Novemba 2014. Usajili mpya ukifungwa, cheti cha zamani kinakuwa na thamani, na jina la heshima linaweza kukodishwa kwa mtu asiye na uhusiano wowote nalo. Sheria inayolipa jina uzito kupita kiasi inalitengenezea soko.

Ujerumani ina somo hapa, ingawa silileti ili kuilinganisha Kenya na utawala wa Hitler, hakuna ulinganisho. Mwaka 1941, katika mazingira ambamo vikundi vidogo vya dini vilikuwa vinabanwa, Wabaptisti wa Kijerumani waliungana na kundi kubwa la Brethren katika chama kimoja chenye jina pana la makanisa huru ya kiinjili. Utawala ule ulianguka mwaka 1945, jina likabaki. Mpaka leo makanisa mengi ya Kibaptisti huko hutumia jina hilo la pamoja kisha huandika Baptisti kwenye mabano, ili jirani ajue. Jina lililoingia kwa shinikizo la zama fulani lina tabia ya kukaa kuliko zama zenyewe, kwa sababu hati za ardhi, akaunti za benki na mihuri hulifuata.

Tuje kwenye hati, maana ndiko ninakoona wachungaji wetu wakijikwaa. Sheria ya Vyama inataka kibali cha maandishi cha Msajili kabla chama kilichosajiliwa hakijabadilisha jina. Ardhi ya kanisa kwa kawaida iko mikononi mwa wadhamini, na wadhamini wana jina lao kwenye hatimiliki. Kwa hiyo kanisa linaweza kuwa na jina moja kwenye bango, jingine kwa Msajili na la tatu kwenye hatimiliki, na hakuna atakayeligundua hilo hadi siku kunapotokea mgawanyiko na kila kundi likadai kuwa ndilo kanisa. Niliwahi kuketi katika mkutano wa washirika wa kanisa moja la Eastlands uliokuwa na jina jipya kwenye ajenda. Jina lenyewe lilipita haraka, kwa kunyoosha mikono. Rangi za bango ndizo zilizokula mchana. Hakuna aliyeuliza hatimiliki inasemaje.

Kama rasimu ya mswada itarudi mezani, ningependa ibebe masharti mawili badala ya sharti la kila kanisa kuwa chini ya chama mwavuli. Moja, kanisa linaloomba kubadilisha jina lipeleke kwa Msajili kumbukumbu za mkutano wa washirika zilizosainiwa, zikionyesha notisi ilitolewa lini na kura zilikwendaje. Barua ya mchungaji isitoshe. Pili, daftari la Msajili liwe wazi kwa umma na lionyeshe majina yote ambayo chama kimewahi kuyatumia, ili mwananchi wa Githurai anayealikwa kwenye kanisa lenye jina jipya aweze kuona lilikuwa nani jana. Masharti haya hayamtaki afisa aamue fundisho lipi ni sahihi, wala hayamlazimishi Mbaptisti wa kujitegemea atafute mwavuli asiouamini.

Kuna pingamizi moja ambalo sina jibu lake kamili. Kura ya washirika ina maana tu pale ambapo washirika wapo: watu walioandikishwa, wanaojua katiba, wanaokuja kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Makanisa mengi ya Nairobi leo yana ukumbi uliojaa na daftari la washirika lisilojaa kurasa mbili. Wengi wanakuja kwa ibada, wanatoa kwa simu, wanaondoka. Kanisa la Kibaptisti likifika hapo, uamuzi wa jina utakuwa wa mchungaji na watu watano, hata kama utaitwa kura, na Msajili atapokea kumbukumbu safi za mkutano ambao haukuwa na mtu. Daftari hilo la washirika ndilo ningelikagua kwanza, kabla ya kumpigia simu mchoraji wa nembo.